Sasisho Likigoma: Mwongozo kwa Wenye Kompyuta za Kuunganisha

Agosti 2023 Microsoft ilitoa sasisho la hiari la Windows 11 lenye namba KB5029351. Baadhi ya waliolipakua waliwasha kompyuta wakakuta skrini ya bluu yenye maneno UNSUPPORTED_PROCESSOR, yaani prosesa haikubaliki. Miongoni mwa prosesa zilizokataliwa zilikuwamo za Intel za kizazi cha 13, ambazo zilikuwa hazijamaliza hata mwaka sokoni. Lawama zote zikaelekezwa Microsoft. Baada ya uchunguzi ikabainika kwamba sasisho lenyewe halikuwa na kasoro. Walioathirika walikuwa na mazabodi za MSI za mfululizo wa 600 na 700, na dawa ilikuwa BIOS mpya, yaani programu ya msingi inayoiamsha mazabodi, kutoka MSI.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini kompyuta ya kuunganisha inahitaji uangalizi wa aina yake. Anayenunua laptop ya Dell au HP ananunua kitu kilichojaribiwa kikiwa kizima, na masasisho ya BIOS mara nyingi humfikia bila kuyatafuta. Kijana anayekusanya vipuri Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa ajili ya studio, michezo au kuhariri video anachukua mazabodi ya kampuni moja, RAM ya nyingine, SSD ya tatu na pawa saplai iliyopatikana kwa bei nzuri siku hiyo. Hakuna kiwanda kilichowahi kuujaribu mchanganyiko huo. Yeye ndiye kiwanda, na kazi ya kufuatilia BIOS na draiva ni yake.

Sasisho likigoma, ushauri wa haraka mitaani ni mmoja: piga Windows upya. Kazi yenyewe fundi anaiweza akiwa amefumba macho, na mara nyingine kweli ndiyo suluhisho. Lakini kama chanzo ni BIOS, RAM au diski, Windows mpya itagoma palepale ilipogoma ya zamani, safari hii mafaili ya mteja yakiwa yameshafutwa.

Namba kwanza

Kila sasisho linaloshindikana huacha namba ya hitilafu. Ipo kwenye Settings, sehemu ya Windows Update, ndani ya Update history. Inafaa kuiandika au kuipiga picha kabla ya kugusa chochote, kwa sababu namba hizo hazifanani hata kidogo. 0x80070070 inamaanisha nafasi kwenye diski haitoshi. 0x80073712 inaonyesha kuwa mafaili ambayo Windows huyatumia kujisasisha yameharibika au hayapo. 0x80072F8F mara nyingi hutokana na saa na tarehe zisizo sahihi.

Hiyo ya mwisho huwasumbua sana wenye mazabodi za mtumba. Kila mazabodi ya kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032, inayotunza saa pale umeme unapokuwa umezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani iko miaka kadhaa nyuma, hivyo vyeti vya usalama vya seva za Microsoft vinaonekana kwake kana kwamba havijaanza kutumika. Sasisho haliingii, tovuti nazo zinakataa kufunguka, na mtu anahangaika kubadilisha bando wakati ugonjwa ni betri.

Namba inayoanza na 0xC1900101 huhusu draiva katika hali nyingi. Hufuatwa na namba ya pili inayoonyesha usakinishaji ulifia wapi: ikianza na 0x2, kompyuta ilikwama kwenye hatua ya awali kabla Windows mpya haijashika, ikianza na 0x3, ilianguka kwenye uwashaji wa kwanza wa Windows hiyo, 0x4 ni uwashaji wa pili. Hapo inabidi kuchomoa kila kisichohitajika, kuanzia printa, kadi ya sauti na diski za nje hadi vifaa vya michezo, kubaki na kibodi, kipanya na skrini, kisha kupakua draiva za kadi ya picha na za mazabodi kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Programu za kujidai kutafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja ziachwe. Zimeleta hasara zaidi kuliko faida.

Kwa mafaili ya Windows yaliyoharibika zipo amri mbili. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri imalize, kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una maana, kwani ya kwanza hutengeneza ghala ambalo ya pili huchukua vipuri vyake. DISM inaweza kusimama kwenye asilimia ileile kwa dakika nyingi bila kuwa imekwama, kwa hiyo mtu asiwe na haraka ya kuifunga.

Pale namba yenyewe inapodanganya

Januari 2024 watumiaji wengi wa Windows 10 duniani walipokea sasisho KB5034441 na kuishia kwenye namba 0x80070643. Namba hiyo haisemi lolote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindikana. Watu waliwasha na kuzima, wakafuta folda ya SoftwareDistribution ambamo masasisho hupakuliwa, wakapiga Windows upya. Wapi!

Tatizo lilikuwa dogo na lilijificha. Windows hutenga kipande cha diski kwa ajili ya kujiokoa inapoharibika, na sasisho lile lilikuja kuziba tundu la usalama kwenye sehemu hiyohiyo. Lilihitaji MB 250 zilizo wazi humo ndani. Kompyuta nyingi hazikuwa nazo, hata zile zenye nafasi ya kumwaga kwenye diski C. Microsoft yenyewe ilikiri kwamba namba iliyotokea haikuwa sahihi, kwa kuwa ilipaswa kueleza upungufu wa nafasi.

Dawa iliyotolewa ilikuwa ya mkono: kuzima mfumo wa uokoaji kwa amri reagentc /disable, kupunguza diski C kwa MB 250 ndani ya diskpart, kufuta kile kipande cha uokoaji, kukitengeneza upya kikiwa kikubwa zaidi, kisha reagentc /enable. Si kazi ya kubahatisha. Diskpart hufuta bila kuuliza mara mbili, na anayechagua namba ya kipande kimakosa anaweza kupoteza diski nzima. Asiye na uhakika afanye nakala ya mafaili yake nje ya kompyuta kwanza, au amtafute fundi aliyewahi kuifanya.

Vipuri navyo

RAM iliyoongezwa kasi kupitia XMP au EXPO inaweza kuendesha michezo mwezi mzima bila shida, halafu ikaharibu faili moja kati ya maelfu yanayofunguliwa wakati wa sasisho. Rudisha kasi ya kawaida kwenye BIOS, jaribu tena, na ukiwa bado na mashaka iache programu ya kupima RAM ya MemTest86 ifanye kazi usiku kucha.

SSD pia zina programu yake ya ndani. Windows 11 toleo 24H2 ilipotoka Oktoba 2024, baadhi ya wenye SSD za Western Digital aina ya SN770 na SN580 za TB 2 walianza kuona skrini za bluu. SSD hizo huazima kumbukumbu kutoka RAM ya kompyuta. Toleo jipya liliziruhusu kuchukua hadi MB 200, zikashindwa kumudu. Western Digital ilitoa programu mpya ya ndani, na walioiweka wakapona. Kwa hiyo kabla ya sasisho kubwa inafaa kupita kwa mtengenezaji wa SSD, si wa mazabodi peke yake.

Umeme hauhitaji maelezo marefu. Ukikatika katikati ya sasisho la Windows, mara nyingi mfumo hujirudisha ulikokuwa. Ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi inaweza isiwake tena. Bila UPS, BIOS isiguswe siku ya mgao. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, uisimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi, kwani BIOS mpya inaweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo kabla ya kufunguka.

Kurudi nyuma na kusonga mbele

Baada ya sasisho kubwa, Windows huhifadhi toleo la zamani kwenye folda ya Windows.old kwa kawaida kwa siku 10. Ndani ya muda huo unaweza kurudi kupitia Settings, sehemu ya Recovery. Baadaye folda inafutwa na njia inafungwa. Lakini hiyo haichukui nafasi ya nakala rudufu: Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo 1809 la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, baada ya watumiaji kulalamika kwamba mafaili yao yamefutwa.

Kwa wanaohamia Windows 11, vikwazo vingi kwenye kompyuta za kuunganisha viko ndani ya BIOS. Mfumo unataka TPM 2.0 na Secure Boot, na mazabodi nyingi zilizouzwa kabla ya 2021 zina TPM iliyozimwa tu. Kwenye bodi za AMD tafuta fTPM, kwenye za Intel tafuta PTT, uiwashe. Kama diski bado iko kwenye mpangilio wa MBR, programu ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows inaweza kuibadilisha kuwa GPT bila kufuta mafaili, ingawa nakala rudufu ni lazima.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuliacha sasisho la Windows 11 lililogoma likae hivyohivyo kuna hatari zaidi kuliko zamani. Unapokwenda kwa fundi, mpelekee namba ya hitilafu, jina kamili la mazabodi na toleo la BIOS. Akitaka kupiga Windows upya kabla hajavitazama, mwombe asubiri kwanza.