SOMO LA WIKI: Mzigo uliotoka ghalani si mauzo yote

Kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta kibao ya iPad Aprili 3, 2010, kwa bei ya kuanzia dola 499. Ilitangaza kuwa zaidi ya 300,000 ziliuzwa siku hiyo. Lakini hesabu hiyo ilijumuisha oda za awali na mzigo uliopelekwa kwa wauzaji wengine. Mzigo ulio rafuni bado haujapata mnunuzi.

Ushahidi bora ulikuja baada ya siku 28: mauzo yalifika milioni moja, na wateja walikwishapakua vitabu zaidi ya milioni 1.5.

Katika mkataba wa vitabu, wachapishaji wakubwa watano walipanga bei wenyewe, Apple ikachukua asilimia 30. Vitabu vipya ambavyo Amazon iliviuza dola 9.99 vikapanda hadi dola 12.99 au 14.99. Serikali ya Marekani ilishtaki mwaka 2012. Mwaka 2013 mahakama ikaamua kuwa hiyo ni njama. Rufaa ziligonga mwamba mwaka 2016, Apple ikawajibika kulipa dola milioni 450.

Kabla ya kununua hisa, mwekezaji aulize: mzigo umefika kwa nani, na bei anaipanga nani?