Zaka ya mavuno haingoji Ramadhani

Kila taifa lina namna yake ya kufurahia mavuno. Wamarekani hukusanyika kula bata mzinga Alhamisi ya nne ya Novemba. Wachina hula keki za mviringo usiku wa mbalamwezi katika mwezi wa nane wa kalenda yao. Jirani zetu wa Makunduchi, Unguja, hufanya Mwaka Kogwa kila Julai, kwa hesabu ya jua ya Nairuzi, masika yakiwa yamekwisha.

Je, Muislamu anayevuna ameagizwa nini? Katika Suratul An'aam, aya ya 141, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameturuhusu kula mazao yanapozaa, akaamrisha tutoe haki yake siku ya kuvunwa, na akakataza israfu. Basi shukrani ya mkulima huanzia kwa maskini.

Hapa Kirongwe, kisiwani Mafia, ninapofundisha fiqhi, huulizwa mara kwa mara: "Ustadh, mpunga nimevuna Juni, zaka si nitatoa Ramadhani?" Jibu ni hapana. Sharti la kupitiwa na mwaka ni la fedha, mifugo na mali ya biashara. Mazao hayana sharti hilo.

Tazama pia kalenda. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Mwaka 2008 ilianza mwanzoni mwa Septemba. Mwaka 2024 ilianza Machi. Aliyevuna Juni 2023 akaingoja, alimkalisha maskini miezi tisa na njaa yake, ilhali haki yake imo ghalani.

Kiwango ni wasaq 5, takriban kilo 650 za nafaka safi. Mpunga unaohifadhiwa na maganda yake, Mashafii huuhesabu wasaq 10. Uliolimwa kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Uliomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hiyo. Mwenye kilo 800 za mchele wa mvua atatoa kilo 80.

Na nazi na korosho? Katika madhehebu ya Imam Shafii hazina zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula kikuu cha kuwekwa akiba. Imam Abu Hanifa ameziingiza. Hata kwa Mashafii, fedha za mauzo zikifikia kiwango na kukaa mwaka, zitatolewa asilimia 2.5. Na mlango wa sadaka haufungwi.

Nawe ndugu wa mjini mwenye shamba kijijini, magunia yanapokufikia nyumbani, uliza: zaka imetolewa? Zaka ni jukumu la mwenye mazao, hata kama aliyevuna ni msimamizi. Kama haijatolewa, itoe leo.

Wabillahi tawfiq.