Pale Flukonazoli Inaposhindwa

Swali: Kwa nini mgonjwa wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, humaliza dozi ya flukonazoli, dawa ya fangasi, na bado fangasi wasiondoke?

Jibu: Fangasi wa jamii ya hamira, yaani viumbe vya seli moja ambavyo vingi huongezeka kwa kuchipuka, hawalingani kwa ukali wala kwa usugu. Candida albicans, ambaye hupenya nyama ya mwili kwa kuota nyuzi, kwa kawaida huzuiwa na flukonazoli, ilhali Candida krusei ana usugu wa asili dhidi yake. Candida auris, aliyeelezwa Japani mwaka 2009 na baadaye kupatikana Nairobi, ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa mara nyingi huishinda dawa hiyo, hung'ang'ania ngozi na mipira ya mkojo, na huweza kuishi kwa majuma juu ya vitanda vya wodi. Klorini, ambayo wauguzi wa Beni na Butembo waliizoea wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, humuua kwenye vitanda hivyo. Ndani ya mwili, hata hivyo, ni maabara tu, kwa kuotesha sampuli na kuijaribu dhidi ya dawa mbalimbali, inayoweza kuonyesha tiba ifaayo. Mgonjwa asiyepata nafuu na arudi kupimwa, wala asinunue dozi nyingine dukani.