Programu na Amri ya Kuzima Kompyuta

Mwaka 1998 ulianza Rufiji, Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo, ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu. Wadadisi walizitembelea kaya kila miezi minne kuandika vizazi, vifo na uhamaji; makarani wakaziingiza taarifa katika kompyuta. Rekodi ikipotea katika kazi ya namna hii, huenda mdadisi akalazimika kurudi kijijini.

Umeme ukikatika pasipo betri ya akiba, programu haipati onyo lolote. Lakini mfumo endeshi ukiamriwa kuzima, huiuliza kwanza kila programu iwapo iko tayari. Katika Windows, programu isiyojibu kwa takriban sekunde 5 hutajwa kwenye kioo kuwa ndiyo kizuizi, na mtumiaji aweza kuikatiza.

Ili kuijaribu programu, jaza nusu ya fomu, usihifadhi, kisha amuru kompyuta izime. Usilifunge dirisha kwa mkono. Hiyo ni njia nyingine kabisa. Washa tena uangalie: nusu ile imo? Faili yafunguka? Programu inayouliza "Nihifadhi?" hufaa karani akiwapo; betri ya akiba ikiamuru kuzima usiku, nani atajibu? Heri iandike rasimu papo hapo.

Kuna kosa ambalo wajaribu wengi hulisahau. Programu yaweza kukubali na kufunga faili zake, kumbe nyingine imekataa na amri imefutwa. Basi rudia jaribio, ufute amri katikati, uendelee kujaza. Karani asije akaandika hadi jioni katika fomu isiyohifadhi kitu.