Usiisahihishe hiyo heda, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Kawangware, swali lako nimelipenda. Roboti yako inaokota matangazo ya kazi mtandaoni, imekutana na seva inayotuma “Cneonction: close”, na sasa unataka kuifundisha kusahihisha kila heda iliyokosewa. Nakuomba usifanye hivyo.

Hiyo haikukosewa. Ipo mitambo ya kugawa mzigo inayokaa mbele ya seva. Seva ikisema “Connection: close”, yaani muunganisho ufungwe, mtambo hautaki agizo hilo likufikie, basi unazivuruga herufi. Urefu wa ujumbe unabaki uleule, hesabu ya ukaguzi ya TCP pia, na kazi haicheleweshwi. Ukiipanga upya, umefufua agizo lililofutwa makusudi.

Kanuni za HTTP za Juni 2022, RFC 9110, zinasema heda usiyoitambua uipuuze. Herufi kubwa na ndogo kwenye jina ni mamoja. Ila ihifadhi kama ilivyokuja, herufi kwa herufi, maana hata “Referer” ni kosa la tahajia lililoingia kwenye RFC 1945 mwaka 1996, na leo ndilo jina rasmi.

Pahali pamoja tu nakuruhusu kukisia: pale mwenye tovuti anapokukataza. Google walipoweka wazi msimbo wao wa kusoma robots.txt mwaka 2019, tuliona unakubali hata “disalow” na “dissallow”. Nao wamefanya vyema. Kwa hiyo ikija “X-Robot-Tag: noindex”, herufi moja ya “X-Robots-Tag” imepotea lakini nia inaonekana, ukurasa huo uache. Seva ikikujibu 429 na Retry-After haisomeki, pumzika dakika kadhaa hata hivyo.

Nanyi wa Kibera mnaotumia mtandao wa jamii kama TunapandaNET, unaounganisha shule, hili lawahusu zaidi. Roboti inayorudia ombi kila ikikwama kwenye heda mbovu inakula intaneti ya darasa zima. Iandike heda hiyo kwenye kumbukumbu, iende ukurasa unaofuata.

Heda zako mwenyewe zisiwe na kosa hata moja. Kwenye User-Agent weka jina la roboti na barua pepe unayoifungua kila siku, ili mwenye tovuti akikasirika akuandikie wewe, asije akafungia anwani ya IP mnayotumia ploti nzima.