Usisubiri Ujasiri: Vidokezo 10 vya Kutoka Nje kwa Kiti Mwendo au Magongo

Mwenye ulemavu wa viungo hakosi ushauri wa bure. Jikaze. Mtangulize Mungu. Mshukuru, kuna wenzio wana hali mbaya kuliko wewe. Wasemao hivyo wana nia njema, ila hakuna hata mmoja anayekueleza utavukaje ule mfereji wa pale njia panda, na mara nyingi kinachotuweka ndani ni huo mfereji. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa mitaa ya Dar es Salaam, lakini msomaji wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura naye ana mifereji yake.

1. Itaje hofu kwa jina lake kamili

"Naogopa kwenda harusini" haina dawa, kwa sababu haijasema kitu. Jiulize unaogopa nini hasa. Ngazi za ukumbini? Choo? Kubebwa na mashemeji mbele ya wageni? Hapo kila moja inapata dawa yake. Kwa ngazi, mpigie simu msimamizi wa ukumbi umuulize ziko ngapi, na kama kuna mlango wa jikoni, maana wapishi nao hutafuta njia tambarare ya kupitisha masufuria. Kwa kubebwa, fika mapema, MC anaposhika kipaza sauti uwe umeshakaa mezani. Hofu itakayobaki ni ndogo, nenda nayo hivyo hivyo.

2. Anza na kizingiti chako mwenyewe

Kama kutoka mlangoni kwako ni lazima uite watu wawili, utaghairi safari nyingi kabla hujavaa viatu. Njia ya mteremko unayoweza kuipanda kwa mikono yako hujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi atakwambia mita moja inatosha, saruji imepanda bei. Mkalishe kwenye kiti apande yeye. Upana usipungue sentimita 90, na zege liachwe na mikwaruzo. Likipigwa niru, siku ya mvua utateleza. Kama nyumba ni ya kupanga, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea mteremko wa chuma utakaohama nao.

3. Jifunze kuanguka

Hofu ya kuanguka ni ya haki kabisa, kwa sababu siku moja utaanguka kweli. Basi fanyia mazoezi, juu ya godoro, mtu akiwa nyuma yako. Kiti kikipinduka kinyumenyume, mkono utataka kukimbilia chini, na hapo ndipo mifupa ya kifundo cha mkono inapovunjika. Badala yake, bana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge sakafu, na mkono mmoja uzuie magoti yasikupige usoni. Mwenye magongo yeye akianguka kifudifudi ayatupe pembeni yasimchome, kisha aipokee ardhi kwa viganja, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Kama una jeraha la uti wa mgongo au mifupa dhaifu, anza mazoezi haya na mtaalamu wa fiziotherapia. Mwombe akufundishe na kuinuka.

4. Kikague chombo kabla ya safari

Geuza gongo utazame mpira wa chini. Michirizi yake ikishafutika, kigae chenye maji kitakutupa. Ni kitu kidogo cha kubadilisha, na huokoa nyonga. Kwenye kiti, bonyeza tairi: breki za viti vingi hukamata tairi lenyewe, kwa hiyo upepo ukipungua na breki imepungua. Pancha, spoku na beringi ni kazi ya fundi baiskeli yeyote wa mtaani. Usisahau mto wa kukalia, kwani sponji iliyokwisha lala ndiyo inayozaa vidonda vya mgandamizo. Kama huna hisia miguuni na makalioni, jiinue au jiegemeze upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na jioni jikague ngozi kwa kioo. Alama isiyoondoka ni ya kuwahi mapema, kabla haijawa kidonda.

5. Maji usiyaache

Wengi wetu tukijua kesho kuna safari, leo hatunywi maji. Hakuna anayelisema sebuleni, lakini ndivyo tunavyoishi. Gharama yake ni maambukizi ya njia ya mkojo na mawe kwenye kibofu, hasa kwa waliojeruhiwa uti wa mgongo. Afadhali upange vyoo kama unavyopanga nauli: jua kituo cha mafuta, hospitali au hoteli ipi njiani ina choo cha kukaa na mlango unaopitisha kiti. Kama unatumia mpira wa mkojo, beba wa akiba na nguo ya kubadili.

Na likitokea la kutokea, mkumbuke Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya aliyeshindana mbio za viti mwendo katika Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Mwaka 2017 alieleza hadharani jinsi alivyojikojolea ndani ya treni Uingereza kwa sababu choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu. Alipolisema, walioulizwa maswali ni wenye treni.

6. Waongoze wanaokusaidia

Fika kwenye ngazi za benki na vijana wanne watakujia mbio, kila mmoja ameshashika kipande chake. Mmoja ameshika mkono wa kiti unaochomoka, mwingine sehemu ya kukanyagia, na safari inaishia kwenye matibabu. Wasimamishe kwanza. "Asanteni sana, kaka zangu, subirini niwaelekeze. Wewe shika mipini ya nyuma. Nyie wawili shikeni fremu, hapa chini. Tukihesabu tatu." Kupanda ngazi, mgongo wako utangulie, kushuka, uso utangulie na kiti kilazwe kidogo nyuma. Mwenye nguvu kuliko wote akae kwenye mipini. Ukitoa maelekezo kwa sauti ya kawaida, hata anayekubeba anaona kwamba kazi hii ina msimamizi, na msimamizi ni wewe.

7. Chagua usafiri, kisha chagua saa

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana vituo vyenye njia za mteremko, na sakafu ya kituo inalingana na ya basi. Tatizo ni msongamano, kwa hiyo kama shughuli yako inaruhusu, safiri kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa bajaji, tafuta dereva mmoja mnayeelewana, uhifadhi namba yake. Dar es Salaam wapo madereva wengi wenye ulemavu, waliohamishia breki ya mguu mkononi, na hao hutahitaji kuwaeleza kiti kinakunjwaje. Kwenye daladala, kama konda anataka nauli ya kiti mwendo, malizaneni kabla gari halijaondoka. Mkibishania njiani, abiria wote watageuka wanasheria.

8. Tembea na majibu mfukoni

Macho ya watu huyawezi, maneno yao unayaweza.

- Mtoto akiuliza miguu yako ina nini, mjibu kwa ufupi. Mwenye aibu hapo ni mama yake, si yeye.
- Mhudumu wa mgahawa akimuuliza mwenzako, "Yeye atakula nini?", jibu mwenyewe: "Yeye atakula ugali na samaki, na pilipili kwa mbali."
- Ukitupiwa mia tano wakati unangoja usafiri: "Asante mama, nasubiri bajaji tu."
- Abiria akitaka historia yako yote tangu kuzaliwa: "Ni hadithi ndefu, na mimi nashuka hapo mbele."

Si lazima uchekeshe kila mara. Siku nyingine kunyamaza kunatosha.

9. Ofisini usiende peke yako

Hofu ya kuomba kazi au mkopo hupungua ukijua unachodai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi hiyo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni yetu. Kwa walioko Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma.

Kujua kifungu ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kumpata aliyekwisha panda ngazi za ofisi hiyo na anayejua fomu ipi inajazwa dirisha gani. Watu hao utawapata CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania), au katika vyama vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya anaweza kukuunganisha nao. Hao hao ndio wa kuzungumza nao mambo ambayo nyumbani hayasemeki: mapenzi, hasira, usiku usio na usingizi. Ukiona wiki zinapita huna hamu ya chochote, hilo ni la kumwona daktari, kama vile ungemwona kwa kidonda.

10. Ruhusa ya kusema "leo sitoki" unayo

Masika yakikolea na barabara ya mtaani ikawa tope tupu, kubaki nyumbani ni akili. Vivyo hivyo mabega yakiuma, au ukiwa umechoka kuwa somo la mtaa mzima. Ila angalia isiwe sababu ileile kila mara. Ikikuzuia mara ya tatu, itafutie mwenyewe wake. Pancha ipeleke kwa fundi. Mfereji usio na daraja upeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na umwombe aje auvuke pamoja nawe. Kama kinachokuzuia ni maneno ya shemeji, hayo mwachie ndugu yake, wewe vaa uende.