Vito vya Mapambo: Majina, Vipimo na Maana Zake

1. Utangulizi

Wakati wa likizo moja mwandishi wa makala haya alikwenda nyumbani kwao Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Shangazi yake, mama aliyekwisha pita umri wa miaka sabini, alimwita barazani akafungua fundo la khanga. Ndani yake mlikuwa na pete ya fedha, na kando yake jiwe jekundu lililong'oka katika pete hiyo.

"Mwanangu," alisema, "yakuti hii aliivaa mama yangu siku ya harusi yake. Wewe umesoma, niambie itauzwa kwa kiasi gani. Nimekwisha kopa fedha za ada ya chuo ya mjukuu wangu, na tegemeo langu la kulipa ni hili."

Swali lile lilikuwa na maswali matatu ndani yake. Jiwe hili ni kitu gani hasa? Limetoka wapi? Na kwa nini watu hulithamini? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa njia ambayo mwalimu na wanafunzi wa shule ya sekondari wanaweza kuifuata katika maabara yao wenyewe.

2. Kito ni nini, nacho hupatikana wapi?

Kito ni kitu cha asili kifaacho kuwa pambo kwa sababu ya sifa tatu: uzuri, uimara na uhaba. Vito vilivyo vingi ni madini yenye fuwele, yaani atomi zake zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Vichache hutokana na viumbe hai. Lulu hutengenezwa na chaza. Marijani nyekundu hujengwa na wanyama wadogo wa baharini. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu.

Rangi ya kito aghalabu haitokani na kampaundi yenyewe bali na uchafu kidogo uliomo ndani yake. Yakuti iliyo safi ni oksidi ya aluminiamu, nayo haina rangi. Pakiingia atomi chache za kromiamu, huwa nyekundu. Pakiingia chuma na titaniamu, huwa yakuti samawi. Ajabu ni kwamba kromiamu hiyohiyo, ikiingia katika madini ya berili, hutoa rangi ya kijani ya zumaridi. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kumwambia mtu jina la jiwe.

Atembeaye Kizimkazi hawezi kuokota yakuti wala zumaridi. Mwamba wa huko ni mawe ya chokaa yaliyojengwa na matumbawe baharini, na miamba ya namna hiyo haikupata joto wala mgandamizo wa kutosha kuzalisha vito hivyo. Bara hali ni tofauti. Kati ya miaka milioni 650 na milioni 500 iliyopita, mabara ya kale yaligongana, na miamba iliyokuwa kina kirefu ikapikwa na kukandwa upya. Miamba hiyo leo huitwa Ukanda wa Msumbiji, nayo huanzia Msumbiji ikapita Tanzania na Kenya hadi Ethiopia. Humo ndimo zilimo yakuti za Longido na bonde la Umba, spineli za Mahenge, na tanzanaiti ya Merelani iliyogunduliwa mwaka 1967. Jumanne Ngoma alitambuliwa na Serikali kuwa mgunduzi wake mwaka 2018. Almasi za Mwadui, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, zina asili nyingine: zilipandishwa na volkano kutoka kina kirefu zaidi. Basi tanzanaiti inayouzwa na masonara wa Mji Mkongwe imevuka bahari kuja Unguja.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa jiwe la Kizimkazi ni jiwe duni. Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani yamo maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa katika jiwe la matumbawe. Jiwe hilo ni kalsiamu kabonati, na lulu nayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Tofauti yao ni mpangilio tu. Ndani ya lulu kampaundi hiyo imelazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa jembamba mno, na mwanga unaporudishwa na tabaka hizo hukutana na kutoa ule mng'ao wake. Katika ghuba ya Menai, pwani ileile ya kusini-magharibi, wanawake wa vijiji kama Fumba na Bweleo walifunzwa katika mwongo wa kwanza wa karne hii kufuga chaza kwa ajili ya lulu.

3. Majina yanavyoweza kupotosha

Majina yetu mengi ya vito yametoka ng'ambo ya bahari pamoja na vito vyenyewe. Almasi, yakuti, zumaridi, akiki, lulu na marijani tumeyapata kupitia Kiarabu. Feruzi asili yake ni Kiajemi. Zamani jina lilifuata rangi: jiwe jekundu lenye kung'aa likaitwa yakuti, na la kijani likaitwa zumaridi. Wazee hawakusema uongo. Walitumia kipimo walichokuwa nacho, nacho ni jicho.

Hata wafalme walikosea. Katika taji la Uingereza limo jiwe kubwa jekundu lililoitwa yakuti kwa karne nyingi, kumbe ni spineli. Lakini njia ya kuepuka kosa hilo ilijulikana mapema. Mtaalamu al-Biruni, aliyefariki karibu mwaka 1050, aliandika kitabu juu ya vito, na alivilinganisha kwa kupima uzito wao pamoja na maji yanayohamishwa na kila kimoja. Alifanya hivyo kabla maandishi ya Kizimkazi hayajachongwa. Jaribio lifuatalo ni la ukoo huohuo.

4. Jaribio: kupima msongamano wa jiwe

Vifaa: mizani ya umeme isomayo sehemu ya mia ya gramu, bilauri yenye maji, uzi mwembamba, na jiwe lisilo ndani ya pete.

(a) Pima jiwe likiwa kavu. Andika jibu.
(b) Weka bilauri ya maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri.
(c) Funga jiwe kwa uzi, ulitumbukize lote majini bila kugusa chini wala kando. Ondoa viputo vya hewa vilivyonasa.
(d) Soma mizani. Ongezeko hilo ni uzito wa maji yaliyohamishwa na jiwe.
(e) Gawanya jibu la (a) kwa jibu la (d).

Jiwe la shangazi lilikuwa na gramu 3.12, na ongezeko likawa gramu 1.20. Msongamano wake basi ni 3.12 ÷ 1.20 = 2.60. Lingalikuwa yakuti, ongezeko lingalikuwa gramu 0.78 tu. Linganisha na orodha hii, ambamo maji ni 1:

Kaharabu: 1.05 hadi 1.10
Akiki: 2.60
Marijani nyekundu: 2.65
Lulu: 2.70
Zumaridi: 2.72
Feruzi: 2.6 hadi 2.9
Tanzanaiti: 3.35
Almasi: 3.52
Spineli: 3.60
Yakuti: 4.00
Kioo: kuanzia 2.3 hadi kupita 4

Hapa mwanafunzi hana budi kutahadhari. Kipimo kimekanusha kwa nguvu kwamba jiwe lile ni yakuti, lakini hakijathibitisha kuwa ni akiki, kwa maana vipo vioo vyenye msongamano wa 2.60. Kipimo kimoja hukanusha upesi kuliko kinavyothibitisha. Tulilitazama kwa lenzi yenye kukuza mara kumi. Kioo aghalabu huonyesha viputo vya duara na mikondo kama ya asali iliyokorogwa. Jiwe letu halikuwa na viputo, bali mistari hafifu iliyofuatana sambamba. Ushahidi huu wa pili ulilingana na ule wa kwanza: jiwe lilikuwa akiki nyekundu, yaani silika iliyotiwa rangi na oksidi ya chuma.

Kwa tanzanaiti kuna uchunguzi mwingine mwepesi. Ligeuze jiwe polepole mbele ya mwanga. Tanzanaiti huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, kwa kuwa fuwele yake huumeza mwanga kwa namna tofauti kila upande. Kioo hubaki na rangi moja. Lakini vipo vito vya kutengenezwa viwandani ambavyo mbinu hizi hazivitambui vyote. Anayekusudia kununua au kuuza kwa fedha nyingi na ampelekee mtaalamu mwenye vyombo vya kupimia jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe.

Tahadhari: Feruzi na lulu zisitumbukizwe majini kwa jaribio hili, kwani zaweza kuharibika.

5. Maana ya vito

Sasa tuje kwenye swali la tatu. Yakuti, lulu na marijani zimetajwa katika Sura ya Ar-Rahman, na Waislamu wengi huithamini pete ya fedha yenye akiki. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba pete ya Mtume ilikuwa ya fedha na jiwe lake la Kihabeshi, nalo baadhi ya wafafanuzi walilieleza kuwa ni akiki. Katika nchi nyingi feruzi huvaliwa kuwa kinga ya kijicho. Nasi kwetu wazazi huwaita watoto wao Lulu, Johari, Almasi na Feruzi. Karne zilizopita majina ya vito kama Feruzi, Almasi na Marijani yalipewa pia watumwa na mabwana wao. Leo mzazi humpa mwanawe kwa mapenzi. Jiwe halikubadilika, walibadilika watu na maana yao.

Maana nyingine tunaweza hata kuzitajia tarehe. Orodha ya vito vya miezi ya kuzaliwa inayotumika sana leo ilipangwa na wafanyabiashara wa vito wa Marekani mwaka 1912. Tanzanaiti ikaongezwa kuwa kito cha Disemba mwaka 2002. Jina lenyewe la tanzanaiti lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, ili iuzike.

Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha kwamba jiwe huponya maradhi, na mgonjwa asiache dawa kwa kutegemea pete. Lakini si haki kusema kuwa maana ya kito ni upuuzi. Maana hiyo haimo ndani ya fuwele, imo katika jamii, na huchunguzwa kwa njia za historia na lugha, si kwa mizani.

6. Utunzaji

Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi, ambazo ugumu wake ni 7 katika ngazi ya Mohs. Tanzanaiti ina 6 hadi 7, feruzi 5 hadi 6, marijani 3 hadi 4. Mtu akizifuta kavukavu, vumbi huzikwaruza; heri zifutwe kwa kitambaa laini chenye maji. Wengi husafisha fedha kwa ndimu au ukwaju. Pete ikiwa na lulu au marijani, asidi hiyo hula kito chenyewe. Na kabla ya kuunga pete kwa moto, sonara aitoe tanzanaiti kwanza, kwa kuwa joto la ghafla laweza kuipasua.

7. Hitimisho

Nilipomweleza shangazi matokeo, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Basi mama yangu alivaa nini?" Nikamjibu kwamba alivaa akiki. Mafundi wa Khambhat, huko Gujarat, wamechonga akiki nyekundu kwa karne nyingi, wakiichoma motoni ili wekundu wake ukolee, na shanga za akiki zimechimbuliwa katika miji ya kale ya pwani yetu kama Kilwa, Manda na Shanga. Jiwe lake halina bei ya yakuti, lakini ni la jamii iliyoijua pwani hii kabla ya msikiti wa Dimbani.

Deni tuligawana ndugu, nalo lilituchukua miaka miwili kulimaliza. Jiwe lilirudishwa katika pete yake. Laiti kipimo kingalitangulia mkopo, nacho kilihitaji mizani, bilauri ya maji na uzi.

Maswali na mazoezi

1. Jiwe la buluu lina gramu 2.01, na mizani ikaongezeka gramu 0.60. Je, laweza kuwa tanzanaiti? Laweza kuwa yakuti samawi? Ungefanya uchunguzi gani zaidi?
2. Eleza kwa nini kromiamu hutajwa katika jiwe jekundu na pia katika jiwe la kijani.
3. Dondoshea kipande cha jiwe la matumbawe maji ya ndimu. Ni gesi gani inayotoka? Matokeo hayo yanakufunza nini juu ya lulu?
4. Waulize wazee wa nyumbani jina na maana ya kito kimoja wanachokijua. Andika yapi yanaweza kupimwa maabara, na yapi hayawezi.